Mikono Ivuke, Miguu Ibaki

9 Februari 1993

Mdogo wangu mpendwa,

Marahaba. Nakujibu kabla hujaniamkia, maana najua ungekuwa hapa ungeniamkia kwanza ndipo uanze kulalamika njaa. Sisi huku wazima, uzima wa kusukumasukuma. Mama mdogo anakusalimu sana. Magoti yanamsumbua lakini mdomo uko imara, kila akija hapa lazima mtu mmoja aondoke amenuna. Jirani wa mlango wa pili amejifungua mapacha, kwa hiyo mtaa mzima tunanyonyesha.

Saluni inakwenda. Lile kaushio la kusimama lilikufa mwezi uliopita, wateja nawakausha kwa la mkono, na mkono wenyewe sasa unaniuma mpaka begani. Nimeihamishia saluni chumba cha mbele. Sebule haipo tena, usije ukashangaa. Nimefanya hivyo ili niwe namwona baba. Anakaa kwenye kiti kilicho karibu na dirisha, wateja wakiingia wanamwamkia, anaitikia vizuri kabisa, na asiyemjua anaweza kufikiri ni mzee anayesubiri mkewe amalize kusukwa.

Kilichonishikisha kalamu ni yeye. Baba anasahau, mdogo wangu. Si kule kusahau kwa kutafuta miwani iliyo usoni. Viatu anavipanga kabatini pamoja na sahani. Chai akishakunywa anauliza mbona hajapewa chai. Mimi siku nyingine ananiita dada, kwa adabu, kama mtu anavyomwita muuguzi wa hospitali. Daktari amesema hakuna dawa, kuna uvumilivu tu. Nikamwambia uvumilivu huo ninywe kutwa mara ngapi.

Anakuulizia. Kila asubuhi akiamka, neno la kwanza ni mwanangu yuko wapi, anarudi lini. Njoo umwone angali anaijua sura yako. Tangu uondoke hata likizo moja hujawahi kuja, na yule kaka mkubwa wa mapacha wa jirani ulimwacha yuko mgongoni na sasa anaandika jina lake.

Usiniambie utapiga simu. Ile ya dukani ukipiga, nusu tunasikia sisi, nusu wanasikia waliopanga foleni ya sukari. Andika.

Dada yako


2 Aprili 1993

Dada yangu,

Shikamoo. Mpe baba shikamoo yangu, na mama mdogo pia, mwambie huku hakuna wa kugombana naye, aje atufundishe.

Barua yako imezunguka kuliko mimi mwenyewe. Nilikwambia nilipofika kwamba nchi hii haina uwanja wa ndege, ukadhani natania. Barua inashukia kwa jirani zetu wakubwa, inapanda treni, inapanda basi, inalala posta ya upande ule wa daraja mpaka karani wao ajisikie kuivusha. Muhuri unaonyesha ililala pale karibu mwezi mzima. Kwa hiyo usinihesabie ukimya wote, mwingine ni wa posta.

Niko palepale hotelini, chumba cha kufulia, chini kabisa, ambako dirisha linaona miguu ya wapita njia. Mashuka, taulo, vitambaa vya meza, halafu mashuka tena. Wageni hawalali siku nyingi lakini wanachafua kama waliohamia. Nchi yenyewe ni bonde moja, mto mmoja, barabara moja. Ukipiga chafya mwanzo wa barabara, wa mwisho wa barabara anakuambia pole. Wageni wanakuja asubuhi kwa mabasi, wanapiga picha kwenye lile jiwe la mpakani, halafu wanapanga foleni ofisi ya utalii wapigiwe muhuri kwenye pasi zao. Muhuri wa ukumbusho tu, hauna kazi yoyote. Mzee mmoja juzi alikuwa anairusharusha pasi yake mkononi kama mtoto aliyepewa pipi, anamwambia mkewe, "Nchi ya tatu isiyo na uwanja wa ndege, sasa zimebaki chache!" Mimi nilikuwa nimebeba kapu la taulo, nikampisha.

Habari za baba zimeniuma. Nimezisoma nikarudi kazini nikachanganya nguo nyeupe na nyekundu, sasa hoteli nzima inalalia mashuka ya rangi ya waridi.

Kuhusu kuja, dada, mambo yanaingiliana. Msimu wa wageni ndio huo unaanza, ruhusa haipatikani. Tuangalie mwisho wa mwaka. Mwambie baba nakuja.

Mdogo wako


11 Mei 1993

Mdogo wangu,

Marahaba. Mama mdogo hajambo, mapacha hawajambo, mvua imenyesha ikaacha.

Wiki iliyopita baba alitoweka. Nilikuwa namsuka mteja, nikainua macho, kiti cha dirishani kitupu. Alikuwa amevaa shati lake la kazi, lile la idara ya maji, ambalo mimi nilidhani limekwisha kuwa tambara la kudekia. Nilikimbia mtaa wa chini, nikakimbia mtaa wa juu, kitana kiko mkononi. Nikamkuta uani kwa watu ameinama kwenye mita ya maji, anazisoma namba kwa sauti, anageuka pembeni kama vile kuna mtu anamwandikia. Mwenye nyumba alikuwa amemletea kiti na maji ya kunywa. Akaniambia, "Usimkatize, dada, mwache amalize. Alitusomea mita yetu tangu mama yangu yuko hai." Basi nikasimama nikamngoja baba yangu amalize kazi aliyostaafu zamani. Alipomaliza akaniambia, "Nyumba inayofuata."

Niliporudi mteja wangu bado yuko kwenye kiti, nusu ya kichwa imesukwa, nusu imesimama. Nikaanza kucheka, nikashindwa kuacha, kicheko kikageuka kilio. Akasema, "Lia tu, mimi nitakaa na nusu yangu." Mungu ampe maisha.

Sasa nikwambie lililonileta. Rafiki yako yule mliyesoma pamoja, aliyeajiriwa katika mji mkubwa wa hao jirani zenu, amekuja likizo. Hii ni ya pili tangu muondoke pamoja. Alipita kutusalimu. Nikamwuliza, "Mwenzio mbona haji?" Akaangalia viatu vyake. Nikamwuliza tena. Akasema, "Dada, muulize mwenyewe."

Haya, nakuuliza mwenyewe. Msimu wa wageni ulinipa mwaka jana pia, na mwaka juzi ulinipa mafua. Kama umetuchoka sema. Mimi pia nimechoka, ila mimi sina pa kwenda kuchokea.

Dada yako


20 Juni 1993

Dada,

Shikamoo. Natumaini wote wazima. Nimeisoma barua yako nikaikunja, nikaikunjua, mpaka mpishi wetu hapa hotelini akaniuliza kama kuna msiba. Nikamwambia hapana, ni dada. Akasema basi ni zaidi ya msiba, mjibu.

Nakujibu. Nilipokuja huku nilipewa viza ya kupita nchi ya jirani, ya kuingia mara moja. Nikashuka kwenye ndege kwao, nikapanda treni yao, nikapanda basi lao, nikavuka daraja. Nilipoweka mguu upande wa huku, ile viza ikafa. Mwenye hoteli alisema ni kitu kidogo, ataishughulikia. Mpaka leo anaishughulikia.

Huku mimi si mhalifu. Nina kibali cha kuishi, nina kibali cha kazi, polisi wa hapa ni wachache na wote wananijua, ninawafulia sare zao. Lakini hii nchi imezungukwa na hiyo moja tu, kila upande. Ingekuwa na uwanja wa ndege ningepanda ndege nikapita juu ya vichwa vyao. Haina. Kutoka lazima nipite kwao, na hawanipi ruhusa ya kupita.

Utasema sijaomba. Nimeomba, dada. Ofisi yao ya viza iko ng'ambo ya daraja. Yaani ukitaka kwenda kuomba ruhusa ya kuvuka, kwanza uvuke. Nikawaandikia barua. Wakanijibu vizuri, karatasi nzuri, kwamba maombi kama yangu hupokelewa nchini kwa mwombaji. Maana yake nikitaka kuja nyumbani, kwanza niwe nyumbani.

Daraja lenyewe naweza kulivuka hata kesho, askari wa pale si mkali. Lakini kule uwanja wa ndege watafungua pasi. Watanirudisha nyumbani kwa nguvu, ambako ndiko nataka kwenda, kwa hiyo hilo silo tatizo. Tatizo watanipiga marufuku ya kuingia kwao tena, na nikikatazwa kwao nimekatazwa na huku, maana hakuna njia nyingine ya kufika. Wenzangu wakija nyumbani wanaita likizo. Kwangu ni kuhama, na kufunga mlango, na kutupa ufunguo.

Sasa najua utauliza, basi si uhame? Chumba cha kufulia nguo ndicho kinachokushika? Dada, nina sababu. Niachie hapo.

Sikusema mapema kwa sababu uliniaga stesheni kwa vigelegele. Nilikuwa naogopa kukwambia kwamba mtu uliyempigia vigelegele amejifungia mwenyewe ndani.

Mdogo wako


3 Agosti 1993

Mdogo wangu,

Marahaba. Baba yupo, anakula, uzito haujashuka. Mama mdogo amekuja kukaa nasi kidogo. Amegombana na mapacha.

Barua yako niliisoma nimesimama, halafu nikaisoma tena nimekaa. Nilikuwa nimekwisha kukuhukumu, nimekufunga na nimetupa rufaa yako. Kumbe uko kwenye bonde unaona barabara na huwezi kuipita. Pole. Ila nina hasira bado, usidhani zimekwisha. Miaka yote hii unaniandikia mafua!

Umesema lako, na mimi niseme langu. Baba hakuulizii.

Hakuulizii kabisa. Nikimtajia jina lako husema, "Kijana wa nani huyo?" Nikimwonyesha picha yako ya shule anasema ana uso mzuri, mwambieni asome. Alikuulizia zamani kidogo, mwanzo wa ugonjwa, halafu siku moja akaacha na mimi sikutambua ni siku gani. Niliendelea kukuandikia kwamba anakuulizia kwa sababu nilijua kwa baba utakuja, na kwa ajili yangu sikuwa na hakika.

Anayekuulizia ni mimi. Mimi ndiye ninayeamka nikisema yuko wapi, anarudi lini. Namwogesha, namvisha, nafungua saluni, nasuka huku jicho moja liko kwenye kiti, nafunga, napika, namlisha. Nataka siku moja tu useme, dada, leo zamu yangu, nenda kalale. Sikutaka kitu kikubwa. Usingizi.

Kwa hiyo nakuja. Siji kutembea, nakuja kukuchukua. Wakikupiga marufuku wakupige, mtu atakatazwaje kwenda mahali ambako hata ndege hazina habari napo? Nimekwenda kuomba viza ya hao jirani zenu. Karani aliniuliza nakwenda kufanya nini kwenye kinchi kile. Nikamwambia, "Kuna mtu wangu amekwama." Akacheka, akadhani nimesema utani. Amenipa ya kuingia mara moja, kama yako. Basi sitalivuka hilo daraja, maana nikivuka tutakuwa wawili tuliokwama, na baba atabaki na mama mdogo na magoti yake. Nitasimama upande wangu, wewe utavuka uje.

Hiyo sababu yako siijui. Sikulazimishi.

Nategemea kufika katikati ya Oktoba. Niandikie njia.

Dada yako


10 Septemba 1993

Dada,

Shikamoo. Barua yako mara hii imekuja haraka, sijui karani wa posta alikuwa na furaha gani.

Kuhusu baba kutoniulizia, nimeelewa.

Njia ni hivi. Ukishuka kwenye ndege usifuate watu, wote wanakwenda mjini. Tafuta alama ya treni, shuka ngazi. Panda inayokwenda milimani, na usisinzie baada ya ziwa, kwa sababu treni inakatika vipande viwili pale na wasiojua wanapelekwa kwingine. Mwisho wa reli ni mji wenye kiwanda cha saruji, kila kitu kina vumbi jeupe hata paka. Nenda nyuma ya stesheni. Basi ni dogo, la njano, halikuandikwa jina la nchi, limeandikwa Darajani tu. Dereva usimwulize uwanja wetu wa ndege uko wapi. Kila mgeni anamwuliza na amechoka kujibu. Kaa kiti cha mbele, barabara ina kona nyingi na tumbo lako nalijua. Vaa sweta mbili. Huku Oktoba baridi inauma kwenye meno.

Ukishuka utaona nguzo nyekundu na nyeupe imekingama barabarani. Usiipite. Mimi nitakuwa upande wa pili, na begi langu. Nimemwambia mwenye hoteli. Amesikitika, halafu akaniuliza nani atajua kuiwasha ile mashine kubwa. Nitavuka tuondoke pamoja, wakinikamata wanikamate. Umebeba peke yako vya kutosha.

Barua hii nimeianza mara nyingi, na kila mara kuna kipande nakichana. Basi.

Mdogo wako


30 Oktoba 1993

Dada,

Shikamoo. Natumaini ulifika salama na ulimkuta baba salama. Huku theluji imeanza. Mashine kubwa iliharibika siku mbili nilizokuwa nimeacha kazi, wamenirudisha bila maswali.

Yaliyotokea darajani bado sijayapanga kichwani. Nakumbuka vipande. Ulipokuwa unaliendea basi uligeuka ukasema kitu, lori la maziwa likapita, sikusikia. Nimekuwa nikijiuliza tangu siku hiyo. Mama mtoto anasema ulikuwa unanilaani, halafu anacheka, halafu hacheki.

Uliniambia nini?

Mdogo wako


2 Desemba 1993

Mdogo wangu,

Marahaba. Nilifika salama, nimechoka kama gunia lililoshushwa. Mama mdogo magoti yale yale. Mapacha wanatambaa.

Umeuliza, nitakujibu, lakini ngoja nianzie mwanzo. Unasema unakumbuka vipande, na mimi nataka uwe nayo yote kama nilivyoyaona, usije ukayapika upya kwa namna ya kujiumiza.

Niliposhuka kwenye lile basi la njano sikukutambua. Niliona mtu mzima, nywele zimeanza mvi pembeni, amesimama na begi la nguo kama mtu aliyeitwa polisi. Nikasema moyoni, maskini, huyu naye anangoja nani. Halafu ukatembea, na ule mwendo wako wa kutupa mguu wa kushoto ukakutaja. Nikakimbia. Yule askari mwenye masharubu akatoka kibandani na kikombe chake, akanizuia kwa kifua. Akasema kitu, ukanitafsiria: "Ukipita hapa, mama, hurudi." Nikamwambia nataka kumshika ndugu yangu. Akaniangalia, akakuangalia, akaangalia nguzo yake, akasema lile neno ambalo nimekwisha kuwasimulia wateja wote: "Mikono ivuke, miguu ibaki."

Tukakumbatiana juu ya nguzo. Ilikuwa ya chuma na baridi, ilinibonyeza tumboni, na wewe ulikuwa unanuka sabuni ya kufulia. Sikulia. Nilikuwa nakuhesabia mbavu kwa mikono, mazoea ya kumwogesha baba.

Nikakwambia, haya, vuka twende, basi linageuza. Ukainua begi. Hapo ndipo nilipomwona yule mwanamke nyuma yako, kule kwenye ukingo wa daraja, amevaa koti juu ya aproni ya jikoni. Nilidhani ni mpita njia. Alikuwa amemshika mkono mtoto mdogo, na wewe ulipogeuka ukamwona, uso wako ulisawijika. Hukuwa umemwambia aje. Nililiona hilo. Mlikuwa mmekwisha kuagana nyumbani, na yeye akaamua kuja.

Hakuja karibu. Alimwachia mtoto mkono tu. Na yule mtoto akaanza kutembea, mdogo wangu, na vile viatu vikubwa, moja kwa moja, akakupita wewe kama nguzo ya umeme, akaipita nguzo ya askari bila hata kuinamisha kichwa kwa sababu iko juu yake, akaja upande wangu. Akasimama nchi ya watu nikainama, naye akashika msuko wa nywele zangu akauvuta. Askari akaangalia mtoni. Nilipokutazama ulikuwa unautazama ule mstari wa rangi barabarani, kama vile ndiyo mara ya kwanza kuuona.

Nikakuuliza, "Wa nani huyu?"

Ukasema, "Wangu."

Nikakuuliza anaitwa nani. Ukanitajia jina la mama yetu. Hapo nikakaa chini barabarani.

Yule mama mtoto akasema maneno kutoka kule alikokuwa, na ukayatafsiri polepole: "Sikuja kumzuia. Nimekuja mtoto aonwe na shangazi yake." Nimeyarudia maneno hayo ndani ya treni mpaka ziwani. Mwanamke anapeleka mtoto aonwe, mume anaondoka na begi, na hapazi hata sauti! Mimi nisingeweza. Mimi ningelala kwenye magurudumu ya basi.

Nikakuuliza, "Ulikuwa unamwacha huyu?"

Ukasema, "Dada, wewe uko peke yako."

Nikakwambia, "Chukua begi lako urudi."

Ukaniuliza kama nina hakika. Nikasema ninayo. Nataka ujue kwamba sikuwa nayo. Nilikuwa nimekuja nimejiandaa kukuvuta hata kwa sikio. Usiku wote kwenye treni nilikuwa nimekwisha kupanga: Jumatatu utamwogesha baba wewe, Jumanne mimi, Jumatano wewe. Niliposema rudi, sehemu yangu moja ilikuwa inaomba uwe mkaidi kama zamani, usinisikilize. Ukanisikiliza. Ndivyo ilivyokuwa, na sijutii, ila usidhani ilikuwa rahisi, na usidhani nilifanya kwa wema. Nilifanya kwa sababu mtoto alikuwa ameshika nywele zangu na sikujua ningemwambia nini akiwa mkubwa.

Mama mtoto ndiye aliyekuja kumchukua. Alivuka bila kuulizwa, wenyeji hawahitaji viza. Alinishika mikono yote miwili akasema atamleta nyumbani mtoto akishaiweza safari, na mama yake mwenyewe akishapata wa kumwangalia, maana naye anauguza. Nikacheka, nikakwambia mtafsirie, mwambie tuko wengi. Mikono yake imekauka kwa maji ya vyombo, mwambie ajipake mafuta kabla haijapasuka.

Sasa lile nililolisema lori lilipopita. Nilisema, "Mfunge mtoto kamba za viatu." Zilikuwa zinaburuta tangu alipoanza kutembea. Hilo tu. Samahani kama ulikuwa unangoja kubwa zaidi.

Nimerudi kwenye yale yale. Kaushio halijapona, bega halijapona. Mama mdogo ameniona nilivyoingia mlangoni akasema haondoki tena, akapeleka watu wakalete kitanda chake. Kwa hiyo Jumapili nalala. Nimelala Jumapili nne sasa. Mara ya kwanza niliamka nikadhani nimekufa, nyumba imetulia hivyo, kumbe wamekaa wote wawili saluni wanabishana nani ameficha kijiko.

Baba nilimwambia habari za mtoto siku ileile niliyorudi. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Nina mjukuu?" Nikasema unaye, baba, na ana jina la mama. Akapiga makofi. Mzee mzima, akapiga makofi, akamwambia mteja aliyekuwa kwenye kiti, akamwambia mwuza maziwa, akataka kuvaa shati zuri. Kesho yake alikuwa amesahau. Nikamwambia tena, akapiga makofi tena. Kila asubuhi namwambia, mdogo wangu, na kila asubuhi ni habari mpya. Mimi nimechoka kuisema, yeye hajachoka kuisikia. Siku nyingine nafupisha, siku nyingine naongeza yule askari na masharubu yake.

Leo aliuliza jambo ambalo hajawahi kuuliza. Tulikuwa tunapakua. Akasema, "Sasa huyo mtoto na baba yake wako wapi, mbona siwaoni?"

Nikamwambia, "Wako mbali, baba. Wako nchi ambayo haina uwanja wa ndege."

Akafikiri. Alifikiri kama alivyokuwa akifikiri zamani, paji la uso limekunjamana, kidole kinagonga meza.

Akasema, "Basi watachelewa. Wawekee chakula."

Nimewawekea.

Dada yako